Ya Kwanza Si ya Mtu

Rosettenville, Johannesburg
Jumamosi, Septemba 2017

Ngoie mwanangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo, mama? Lile jino limetulia? Najua ni kichekesho kumwuliza hali mtu ambaye asubuhi hii tumegongana kwenye mlango wa bafu, lakini barua ina adabu zake, na tena kwa wiki hizi tatu wewe na mimi hatujaulizana hali kwa kweli. Tumekuwa tukisalimiana kama wapangaji. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Umetoka na mama yako kwenda Jeppestown kwa fundi kuchukua koti, nyumba imenyamaza, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni na daftari lako la zamani, zile kurasa za nyuma ambazo hukuzitumia.

Mambo ya pasipoti, soksi nzito na nani atakupokea, mama yako ameshakuambia mara tisa. Sina la kuongeza hapo. Ninachotaka ni kulirudisha neno. Siku ile nilikuambia, mbele ya Mama Dorcas na mumewe shemasi, kwamba ukienda Uskoti kusomea kupika wiski, usiende na baraka yangu. Nilisema mtoto wa mzee wa kanisa hataenda kwa Wazungu kujifunza lutuku, ile pombe kali ya kupikwa uani. Kesho unaondoka. Sitaki neno lile lipande ndege pamoja nawe. Lakini sikukuambia lilitoka wapi, na nikilirudisha mikono mitupu hutanisadiki, hata mimi nisingesadiki. Kwa hiyo univumilie, ni ndefu. Ukikwama kwenye Kiswahili changu cha Lubumbashi, muulize mama yako.

Nianze na duka, kwa sababu hata duka sikukusimulia vizuri. Kampuni ya ulinzi iliponipeleka Sandton mara ya kwanza, niliona juu ya mlango wameandika kwa herufi za dhahabu neno Spirits. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha Biblia, na katika Biblia neno hilo ni roho, na roho zikiwa nyingi hivyo, bila neno Takatifu karibu yake, si roho za kukaa nazo zamu ya saa kumi na mbili. Nikatoa kichupa cha mafuta ya upako nikaanza kupaka fremu ya mlango, nikikemea. Akatoka mwanamke mmoja mrefu, mzaliwa wa Soweto, ananitazama tangu juu mpaka chini. Akauliza kama ninafungua duka au ninalifunga. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniambia roho zote za humu ndani ziko kwenye chupa na zimelipiwa ushuru. Huyo ndiye Sis Thandi. Tangu siku ile ananiita Mfundisi, ndilo neno lao la mchungaji.

Miaka miwili nilisimama mlangoni. Kisha aliyekuwa akiosha glasi za wateja za kuonjea aliacha kazi, wakaniomba nishike kwa wiki moja, na wiki ile haijaisha hadi leo. Kanisani sikusema. Niliendelea kuitwa mlinzi wa duka, na sare ya ulinzi ilibaki ikining'inia nyuma ya mlango wa chumba chetu, imepigwa pasi.

Kuosha ndiko kulikonifundisha kunusa. Glasi zile zina tumbo na shingo nyembamba, na zikilala tupu hadi asubuhi, moto wa pombe umeshaondoka na harufu nyingine imebaki imekaa chini, imetulia. Nilianza kuzitofautisha kabla sijazitia majini. Hii imetoka kwenye moshi. Hii kwenye zabibu kavu. Siku moja Sis Thandi alinikuta nimeinamia sinki nimefumba macho, akadhani naomba. Aliponielewa aliniwekea glasi tatu mezani na kuniuliza nasikia nini. Ya tatu nilijua mara moja. Nikamwambia ni vinkubala.

Wewe unawajua, ni wale viwavi wakavu mama yako anaowanunua kwa Wakongo wa Yeoville na wewe unatoroka jikoni wakikaangwa. Sis Thandi hakuwajua. Nilimweleza: viwavi waliokaushwa juu ya moto wa miti mibichi, chumvi kidogo, gunia limefungwa siku nyingi, halafu linafunguliwa. Pale karibu alikuwepo mteja mmoja, Mzungu mzee mwenye viatu vizuri, akacheka na kusema kwenye karatasi ya duka imeandikwa moshi wa pwani na ngozi. Sis Thandi hakucheka. Alinusa tena, muda mrefu, akamwambia yule mzee, "Ngozi umeisoma. Huyu amenusa."

Basi akaanza kunifundisha, mchana kukiwa hakuna wateja. Nilikuwa nadhani single malt ni wiski isiyoolewa, maana single kwa vijana wa hapa ni hiyo. Kumbe ni ya nyumba moja: imepikwa yote mahali pamoja, kwa shayiri tupu iliyooteshwa mpaka ikawa kimea, haikuchanganywa na ya jirani. Shayiri yenyewe wengine huikausha kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, wanaukata kama matofali na kuuchoma, na huko ndiko vinkubala wangu walikotoka. Kisha vyungu vya shaba, mara mbili. Kisha pipa la mwaloni na miaka. Aliniambia pipa likilala hivyo, kila mwaka kuna kiasi kinachopotea hewani kupitia mbao, na Waskoti husema wamekunywa malaika. Nilifurahi sana, nikamwambia basi nao hutoa fungu la kumi. Akapiga hesabu kwa vidole, akasema katika miaka kumi na miwili malaika hao wanapitisha fungu la kumi, Mfundisi, wape onyo.

Nilikuwa nanusa, naweka kidogo ulimini, natema. Nilijiwekea hivyo na Mungu anajua.

Sasa nikueleze habari za Kambo, ndivyo sisi wa Lubumbashi tunavyomwita bibi, mama yangu mimi, Ngoie unayebeba jina lake. (Usiseme Kambo mbele ya Mama Asha jirani yetu. Kwao Tanga mama wa kambo ni mke wa baba asiyekuzaa. Siku nilipomtaja alinipa pole ya malezi magumu.) Nimekuambia siku zote kwamba Kambo aliuza makala, ndiyo makaa ya kupikia, kwenye soko la Katuba kule Lubumbashi. Ni kweli, ila ni kweli ya mwisho. Kabla ya makala alipika lutuku nyuma ya nyumba yetu, miaka kumi na minne, na kila daftari nililoandika shuleni, mpaka nilipoishia, lilitoka kwenye pipa lile.

Aliotesha mahindi katika gunia bichi. Aliyasaga na unga wa muhogo, akayaacha yachachuke, akayapika katika pipa juu ya mawe matatu, na mvuke ukapita kwenye bomba la shaba lililolala ndani ya maji. Shaba kwetu ndiyo ardhi yenyewe, hakuna aliyeuliza umeipata wapi. Yalipoanza kutonatona alikinga matone kiganjani, akasugua mikono, akanusa. Na kikombe cha kwanza kilipojaa, kikombe cha bati chenye mdomo uliopinda, alitembea nacho mpaka pembe ya uwanja, akakimwaga chini chote, akasema, "Ya kwanza si ya mtu." Kila mara aliyopika. Hata wateja wakiwa wamesimama wanalalamika kwamba anamwaga kikali chenyewe.

Nikiwa na miaka kumi na tisa niliokoka. Wewe hujaniona nikiwa moto, umenikuta vuguvugu. Nilikuwa nafunga siku tatu, nakemea paka. Na siku moja, nimesimama kwenye mlango wa nyuma, nilisikia maneno yale kama kwamba sijawahi kuyasikia. Kama ya kwanza si ya mtu, ni ya nani? Nikajijibu mwenyewe: ni ya wafu. Mama yangu anawanywesha mizimu. Nilikuwa hatua kumi kutoka alipo, mwanangu. Nilivaa viatu nikatembea kilomita nne kwenda kumwambia mchungaji.

Walikuja ndugu saba wa kanisa, mimi nikiwaonyesha njia ya nyumbani kwetu. Wakakata bomba, wakatoboa pipa kwa shoka, wakaimba. Kambo alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi akichambua maharage, na hakuacha kuchambua. Walipomaliza alinitazama akasema, "Ilunga, ungeniuliza tu." Nikaona ni shetani anatafuta njia ya kujitetea. Kabla mwezi haujaisha watoto wa mtaa walikuwa wanamwita mlozi, na yeye akaanza kuuza makala.

Nilipoondoka kuja huku alinifungia karanga za kukaanga katika kitambaa chake cha kichwa. Tulipofika Kasumbalesa, mpakani, niliwagawia abiria zote, na kitambaa nikampa mama mmoja aliyekuwa na mtoto, kwa sababu mikono iliyozikaanga ndiyo ile iliyowamwagia wafu. Baadaye tulikuja kuzungumza kwa simu, mvua, bei ya unga, wewe umeota meno mangapi. Lile jambo hatukuligusa. Alifariki ukiwa na miaka mitano.

Mwaka jana, Jumanne moja, Sis Thandi alikuwa anafundisha wahudumu wawili wapya. Alichora chungu cha shaba ubaoni, na shingo yake, na njia ya matone. Akasema kinachotoka mwanzo kinaitwa kichwa, kinachofuata ni moyo, cha mwisho ni mkia, na kazi yote ya mpishi ni kujua akate wapi, kwa pua na kwa vipimo. Msichana mmoja akauliza kwa nini wasichukue vyote, maana ni pombe ile ile. Sis Thandi akasema hapana, kichwa kina vitu vya kuumiza, huko mitaani kimeshapofusha watu, mpishi mwenye akili hakiuzi. Akasema, na mimi ninapita nyuma yake na trei, "Ile ya kwanza si ya watu."

Niliziweka glasi chini moja moja. Nikamwuliza hiyo ya kwanza wanaimwaga wapi. Akasema Waskoti hawamwagi, wanairudisha chunguni ipikwe upya, wao wana vyungu vikubwa kama nyumba. Lakini mtu mwenye pipa moja dogo angeimwaga chini na kuomba Mungu iwe imetosha hiyo tu. Akaniuliza, Mfundisi, umekuwaje? Nikasema goti.

Kikombe kile kilikuwa cha kulinda macho ya majirani zake. Hao hao waliokuja kumwita mlozi.

Jioni nilimweleza Sis Thandi yote, tumekaa kwenye makreti nyuma ya duka. Hakunipa neno la kunifariji na namshukuru. Alinimiminia kidogo, ile ya moshi, akanionyesha jinsi ya kudondosha maji kwa mrija, matone matatu, na kungoja. Nikameza. Ndiyo, baba yako, mzee wa kanisa. Mara hiyo moja, sijarudia, na sijaitubia, maana nimejaribu kuitubia nikakosa maneno. Iliunguza ulimi kidogo, kisha ukaja utamu kama wa mahindi mabichi, kisha moshi ulibaki kooni mpaka nashuka kwenye teksi hapa Rosettenville.

Ilinipasa nije nikusimulie usiku ule ule. Sikuja. Niliona aibu mbele yako kuliko mbele ya Mungu, kwa sababu Mungu alikuwa anajua tayari. Na wewe wakati huo ulikuwa umeshaambukizwa. Nakumbuka mwaka wako wa pili chuoni, ulipokuja kunichukua kazini, Sis Thandi akakuwekea glasi mbili za nyumba moja, pipa tofauti, na wewe na kemia yako ukamwuliza maswali mpaka taa za duka zikazimwa. Njiani, kila robot, zile taa za barabarani, tuliposimama ulikuwa unanichorea shingo ya chungu kwenye vumbi la dashibodi. Nilijivuna kimyakimya. Nilijiambia pua yangu imepata mrithi.

Halafu ulipoingia sebuleni na ile barua ya chuo cha Uskoti, wageni wamekaa, Mama Dorcas ameshika kikombe cha chai, nilisikia tena ule wimbo wa ndugu saba. Nikasimama upande wao mara ya pili. Ukaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, wewe ambaye ukiwa na hasira huongea Kiingereza, "Papa, unanusa wiski siku sita kwa wiki. Nani alinifundisha?" Na mimi nikajibu kwamba naosha glasi tu. Ulinitazama, ukafunga mlango polepole. Afadhali ungeubamiza.

Jumatano nilikwenda kwa Pasteri nikamweleza kazi yangu ilivyo, na Kambo, na wewe. Akaniuliza kama ni kweli pua inaweza kutambua pipa. Nikamwambia ndiyo, mara nyingi. Akatikisa kichwa. Wazee wamekaa na kuniondoa kwa muda kwenye benchi lao hadi watakapoliombea jambo hili. Mama Dorcas ametuma ujumbe kwamba ananibeba katika maombi. Eish, na anibebe, mimi si mwepesi. Nakuambia hili usije ukalisikia kwa mtu na kudhani wewe ndiye sababu. Lilikuwa langu tangu Katuba.

Sina mawaidha mengi. Huko utawakuta watu wenye maneno tayari kwa kila glasi: keki ya Krismasi, maua ya mlimani, mashua ya mvuvi. Uwasikilize, ni wenyeji, wanajua. Lakini ukisikia vinkubala, sema vinkubala, na uwaeleze ni nini. Usiisukume pua yako ndani ya glasi. Fungua mdomo kidogo na uiache ije. Ikikuchapa, ongeza tone la maji na ungoje, kuna nyingine hazifunguki hata kwa robo saa, na wengi huwa wameshaondoka. Na ukimwona mtu anafanya kitu usichokielewa, mwenye umri wa mama yako hasa, muulize. Hata kama umeshapata jibu lako zuri. Hasa kama umeshalipata.

Kuhusu kunywa kwenyewe, sitakudanganya kwamba ni maji. Nimewaona kwa macho yangu watu wenye heshima zao, wanaokuja Ijumaa kunusa na kusifu, wakaanza kuja Jumatatu, na baadaye wakawa hawanusi. Siku ukiona umeacha kunusa, nipigie. Sitahubiri. Nitapokea tu, saa yoyote.

Kesho ni Jumapili, nimewaambia sitakuwa kanisani. Gari linakuja saa nane mchana. Kabla ya hapo, kama utanikubalia, ningependa kuweka mikono juu ya kichwa chako kama baba anavyopaswa, na baraka yenyewe, nisije nikalia nikashindwa kuimaliza, naiandika hapa: Nenda, Ngoie. Bwana akutangulie na abaki nyuma yako. Kazi ya mikono yako aikubali. Chochote utakachopika, kisimwumize mtu. Wakikutazama kama mgeni, ujue baba yako anakuzungumzia kwa majivuno kwenye teksi kwa watu asiowafahamu. Uende na baraka yangu yote, sikubakiza. Na lile nililosema mbele ya wageni nimelifuta, na Jumapili ijayo nitalifuta mbele yao, kwa sauti ile ile.

Kama moyo wako bado ni mzito, sitakulazimisha kichwa. Hii iko kwenye karatasi, wino haunihitaji mimi nisimame karibu.

Nasikia geti, mmerudi, mama yako anacheka, nadhani koti limekuwa kubwa. Nitaipitisha chini ya mlango wako. Nijibu upesi, mama, kwa Kiingereza ukitaka, nitasoma polepole. Hata mistari miwili. Hata kama ni kugonga tu mlango wetu kesho asubuhi.

Baba yako,
Ilunga